Jinsi ya kumzoesha punda hatamu bila kumtia jeraha

KATIKA mji wa Garsen, siku haianzi kwa honi ya basi bali kwa kelele za magurudumu ya mikokoteni. Jua likiwa bado halijachomoza vyema juu ya mikoma, punda huwa wamekwisha kushika njia, mitungi ya maji ikigongana nyuma yao na wavulana wakiwahimiza kwa miluzi na fimbo.

Punda hao ndio lori na ndio bomba la maji. Katika vijiji vya Delta ya Tana ambavyo havifikiki kwa gari wakati wa masika, wao pia ndio ambulensi. Wafugaji wa Kiorma na Kiwardei huwatwika vyombo vya nyumbani wanapohama kufuata malisho, nao wakulima wa Kipokomo huwatumia kusafirisha mahindi, mpunga na maembe kutoka mashambani.

Hata hivyo, msomaji atakayemtazama mmoja wa wanyama hao kwa karibu huenda akaona jambo la kusikitisha. Juu ya pua za wengi wao pana mstari wa nywele nyeupe, na nyuma ya masikio pana kovu lisiloota nywele kabisa.

Nywele hizo nyeupe si rangi ya kuzaliwa. Ni alama ya kidonda kilichopona. Ngozi ya punda ikichunwa na kamba hadi mizizi ya nywele ikaharibika, nywele zinazoota baadaye huwa nyeupe, na hubaki hivyo hadi mnyama anapokufa.

Mara nyingi historia ya kovu hilo huanza siku moja tu: ile siku mwanapunda alipovishwa hatamu kwa mara ya kwanza. Alikamatwa na wanaume wanne, akaangushwa chini, akafungwa kamba ya nailoni puani, kisha akakokotwa. Alijifunza kutembea, ndiyo. Lakini alijifunza pia kwamba mkono wa binadamu unaokaribia kichwa chake huleta maumivu, na somo hilo halimtoki tena.

Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyoweza kufanywa kwa njia nyingine, na kwa nini jambo linaloonekana dogo kama kamba ya kichwani linaweza kuamua iwapo familia itakuwa na punda wa kuitumikia kwa miaka 20 au mzoga kando ya barabara.

Hatamu si lijamu

Kwanza tuyaweke sawa majina, maana yamechanganywa sana. Hatamu ni kamba au mkanda unaovishwa kichwani mwa mnyama ili aongozwe. Lijamu ni kile chuma kinachotiwa kinywani. Kigwe ni kamba ndefu anayoshika mpandaji au mwendeshaji. Shemere ni kamba inayopitishwa katika pua iliyotobolewa, nayo ni ya ng'ombe wala haimhusu punda.

Hatamu na lijamu ni maneno tuliyoyapokea kutoka kwa Waarabu pamoja na vyombo vyenyewe. Kwao neno la kwanza lilihusu kamba ya kumwongozea ngamia, na la pili hatamu ya farasi yenye chuma.

Inashangaza kwamba katika vyumba vya habari neno hatamu halikosekani siku hata moja. Kila anayechaguliwa kuongoza chama, kaunti au timu ya kandanda huandikwa kuwa ameshika hatamu. Sisi wahariri tumeipitisha ibara hiyo mara elfu, na wengi wetu hatujawahi kuishika hatamu yenyewe mkononi. Anayeishika hugundua upesi kwamba upande mwingine wa kamba yuko kiumbe mwenye maoni yake.

Mbona si farasi?

Msomaji anaweza kuuliza ni kwa nini tunazungumzia punda, ilhali vitabu vingi vya mafunzo ya hatamu vimeandikwa kwa ajili ya farasi. Jibu limo hewani, nalo lina mabawa.

Misitu ya kando ya Mto Tana na vichaka vya nyuma yake ni makao ya mbung'o, mdudu anayeeneza ugonjwa wa nagana. Farasi hana kinga ya kutosha dhidi ya vijidudu vya ugonjwa huo, na asipotibiwa kwa kawaida hufa. Aidha, yako maradhi mengine ya farasi yanayoenezwa na usubi, ambayo huua farasi wengi lakini kwa punda mara nyingi hupita bila dalili.

Ndiyo sababu farasi nchini Kenya amebaki kuwa mnyama wa nyanda za juu, wa mashamba ya Laikipia na Naivasha na wa uwanja wa mashindano wa Ngong jijini Nairobi. Waoromo wa nyanda za juu za Ethiopia, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiorma, wanasifika kwa farasi wao. Waorma wa Tana wamebaki na ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Hata ng'ombe wao weupe waliwavutia watafiti wa Kenya, ambao waligundua kuwa wanavumilia nagana kuliko ng'ombe wengine wa jamii ya Boran.

Punda naye huugua nagana, tusije tukadanganyana, lakini huistahimili kuliko farasi. Yeye ni mwenyeji. Utafiti wa chembechembe za urithi uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022 ulionyesha kuwa punda wote duniani wametokana na punda-mwitu waliofugwa mara moja tu, Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, miaka 7,000 hivi iliyopita. Ina maana kwamba mnyama huyu alifugwa katika kanda yetu kabla piramidi za Misri hazijajengwa.

Kulikuwa pia na waliojaribu njia ya tatu. Dkt Rosendo Ribeiro, tabibu Mgoa aliyehudumu Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20, alimzoesha pundamilia hatamu na tandiko, akawa anampanda kwenda kuwaona wagonjwa wake. Picha yake akiwa juu ya mnyama huyo ingalipo. Ni wachache waliofanikiwa kumwiga. Pundamilia ana kinga nzuri dhidi ya maradhi ya porini, lakini moyo wake haukuumbiwa utumwa.

Anayesimama si mkaidi

Tofauti kubwa baina ya farasi na punda, na ambayo kila anayetaka kumvisha punda hatamu sharti aifahamu, ni namna kila mmoja anavyoogopa.

Farasi ni mnyama wa mbuga pana. Akishtuka hukimbia kwanza, kisha hufikiri. Punda asili yake ni jangwa lenye mawe, ambako anayekimbia ovyo huvunjika mguu. Kwa hivyo akishtuka husimama. Hutega masikio, hutazama, hupima, kisha huamua ama kwenda, ama kurudi, ama kupigana.

Binadamu akimwona amesimama humwita mkaidi na kumchapa. Hapo punda hupata sababu ya pili ya kuogopa juu ya ile ya kwanza, na husimama imara zaidi. Sifa ya ubishi aliyopewa mnyama huyu kwa karne nyingi ni tafsiri mbaya ya tahadhari yake.

Jambo la pili ni kwamba punda huficha maumivu. Mnyama anayetembea na kidonda kinywani anaweza kuonekana mtulivu kabisa, masikio yakiwa yameinama kidogo tu. Mwenye punda asiyezoea kutazama hudhani kazi imekwisha vizuri.

La tatu, punda hukumbuka. Mahali alipoumizwa, mtu aliyemuumiza na kitu kilichomuumiza hubaki akilini mwake kwa miaka. Ubaya wa sifa hiyo ndio uzuri wake pia: akifunzwa kwa utulivu mara moja, mafunzo hayo hayahitaji kurudiwa kila msimu.

Umri na mahali

Mwanapunda anaweza kuanza kuguswa kichwani tangu wiki za kwanza za uhai wake, na kuvishwa hatamu nyepesi kwa dakika chache akiwa na miezi kadhaa. Kazi ni jambo jingine kabisa. Mifupa yake huchelewa kukomaa, na wataalamu wa mifugo hushauri asitwikwe mzigo wala kufungwa mkokoteni kabla hajatimiza miaka mitatu au minne.

Asiyejua tarehe ya kuzaliwa atazame meno ya mbele. Yale mawili ya katikati hubadilika mnyama akikaribia miaka miwili na nusu, yanayofuata akiwa na mitatu na nusu, na ya pembeni akiwa na minne na nusu. Punda mwenye meno ya utoto bado ni mtoto, hata kama kimo chake kinatamanisha.

Mahali pa kumfunzia pawe padogo na pa utulivu. Boma la mifugo linafaa, isipokuwa lile lililozungushiwa matawi ya mathenge. Mti huo uliosambaa mno kaunti ya Tana River una miiba mirefu, na mwanapunda anayerudi nyuma kwa hofu akachomwa matakoni atahusisha mchomo huo na kamba aliyoonyeshwa mbele.

Asitengwe peke yake. Punda hufanya urafiki wa dhati na mwenzake mmoja, na akitenganishwa naye huweza kukataa chakula. Hilo si deko tu: punda anayekaa siku kadhaa bila kula hupatwa na hali ya mafuta kufurika katika damu, na wengi hufa kwayo. Kwa hiyo mama yake au rafiki yake awepo karibu, akitafuna majani, aonekane hana wasiwasi wowote.

Kamba ya namna gani

Kamba ya nailoni inayouzwa kwa bei nafuu madukani ndiyo adui mkubwa wa pua ya punda. Ni nyembamba, haifyonzi jasho, na ikilowa hukata kama kisu. Katani nayo ina nguvu lakini hukwaruza.

Hatamu nzuri hutengenezwa kwa mkanda mpana wa pamba au turubai, upana wa vidole viwili au vitatu. Asiye na mkanda anaweza kuchukua kamba ya katani na kuizungushia vitambaa vya khanga kuukuu, akavishona visifunguke. Fundi viatu yeyote ataiweza kazi hiyo.

Umbo lake si gumu. Pana mzunguko wa puani, mikanda miwili inayopanda mashavuni, mmoja unaopita nyuma ya masikio, na mwingine chini ya koo unaozuia hatamu isivuke. Ule wa nyuma ya masikio lazima uwe na kifungo au fundo linalofunguka. Sababu yake tutaiona punde.

Mzunguko wa puani ukae juu, kiasi cha vidole viwili chini ya kitefute, mahali palipo na mfupa. Hapa ndipo wengi hukosea. Huufunga chini karibu na mianzi ya pua, kwa kudhani mnyama ataongozwa kwa urahisi zaidi.

Punda, kama alivyo farasi, hawezi kuvuta pumzi kwa kinywa. Hewa yake yote hupitia puani. Kamba ikibana sehemu laini ya pua, mnyama anayevuta mzigo kwenye mchanga hukosa pumzi. Husimama. Mwenyewe humchapa kwa uvivu, kumbe anamchapa kwa sababu anakosa hewa.

Kipimo ni rahisi: vidole viwili vipite baina ya hatamu na uso bila shida, na mnyama aweze kutafuna na kupiga mwayo.

Kumkaribia

Punda huona pande zote mbili kwa mapana, lakini yako maeneo mawili asiyoyaona: mbele kabisa chini ya paji la uso, na nyuma kabisa mkiani. Anayemjia kwa mojawapo ya njia hizo humtokea ghafla. Ajiwe upande wa bega, kwa mwendo wa kawaida, huku mtu akizungumza kwa sauti ya chini.

Mkono uanzie begani na kwenye singa, mahali ambapo punda wenyewe hukunana kwa meno. Mkune hapo kwa dakika kadhaa. Akinyoosha mdomo wa juu au akiinamisha kichwa, amependa.

Sasa ndipo ilipo siri ya kazi yote, na siri yenyewe ni ya wakati. Mkono upande polepole kuelekea shingoni na shavuni. Mnyama akikaza mwili, mkono usimame hapo ulipo, wala usiondoke. Atakapolegea, hata kwa sekunde moja, ndipo mkono uondolewe.

Ukiuondoa anaporusha kichwa, umemfundisha kurusha kichwa. Ukiuondoa anapotulia, umemfundisha kutulia. Watu husumbuka kutafuta vyakula vitamu vya kumhonga punda, lakini hakuna tuzo anayoielewa haraka kuliko kuachiwa. Maganda ya embe yanafaa, naam, hasa msimu wake ukifika Delta na yanapotupwa bure. Hata hivyo yapewe mnyama aliyekwisha kutulia, wala si kwa kumlaghai akiwa ameshtuka.

Masikio yawe ya mwisho. Ni marefu, yamejaa mishipa ya fahamu, na chini yake ndipo kupe hupenda kujificha. Punda asiyetaka kuguswa masikio akaguliwe kwanza kama ana kupe au kidonda. Isitoshe, katika sehemu nyingi watu wana tabia ya kumshika punda sikio na kulisokota ili asitikisike anapovishwa kamba. Tabia hiyo huzaa mnyama ambaye hatakubali hatamu tena bila vita.

Kwa baadhi ya wanapunda kazi hii ya kugusa peke yake huchukua asubuhi mbili. Kwa mkubwa aliyewahi kuumizwa, huweza kuchukua wiki tatu. Vipindi viwe vifupi, robo saa au pungufu, na vikomeshwe wakati mambo yanaenda vizuri.

Siku ya hatamu

Kabla ya siku yenyewe, hatamu itundikwe bomani aione na kuinusa. Kisha mpapase nayo shingoni na mashavuni kama ulivyompapasa kwa mkono. Akiizoea, pitisha kamba nyepesi juu ya shingo yake na uiache ining'inie, usiivute.

Sasa simama upande wa kushoto, uso wako ukitazama anakotazama yeye. Mkono wa kulia upite juu ya shingo ushike mkanda mmoja, wa kushoto ushike mzunguko wa puani ukiwa umefunguliwa wazi. Usiusukume mzunguko usoni mwake. Uweke mbele ya pua na umngoje. Punda aliyetayarishwa vyema huingiza pua mwenyewe, kwa udadisi, na watu hucheka wanapoliona jambo hilo kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo kifungo kinapofanya kazi yake. Hatamu ya farasi huweza kuvutwa juu ya masikio, lakini masikio ya punda hayakunjiki bila kero. Mkanda upitishwe nyuma yake ukiwa wazi, kisha ufungwe upande wa shavu.

Mwache asimame nayo dakika tano. Atatikisa kichwa, pengine atajikuna mguuni. Usimfokee. Halafu ivue.

Usimwache nayo usiku wala malishoni. Mwanapunda mwenye hatamu akijisugua kwenye mathenge au akanaswa kwenye kisiki, hujinyonga. Na anayeachwa nayo miezi huku akikua, mkanda humwingia nyamani. Madaktari wa mifugo wamewahi kuikata mikanda kutoka ndani ya pua za wanyama walio hai.

Baada ya siku chache, anza kumwongoza. Usisimame mbele yake ukavuta, kwani atavuta pia, naye ana nguvu kukushinda. Simama begani, mvute kidogo upande mmoja ili apoteze mizani na ainue mguu. Anapoinua tu, legeza. Hatua moja inatosha siku ya kwanza. Punda mkubwa mwenye tabia njema akitangulia, mdogo hufuata na somo huwa nusu limefanyika.

Je, lijamu inahitajika?

Kwa maoni ya mwandishi huyu, kwa punda wengi wa Garsen, la. Mkokoteni huongozwa vizuri kwa vigwe viwili vilivyofungwa kwenye mzunguko wa hatamu, kimoja kila upande. Huko Lamu, ambako punda ndiye chombo kikuu cha usafiri mjini, wako vijana wengi wanaowapanda bila tandiko wala chuma na wakashindana nao mbio wakati wa sherehe za Maulidi.

Lijamu ina faida mikononi mwa anayejua kuitumia. Kati ya meno ya mbele na magego ya punda pana ufizi mtupu, na hapo ndipo chuma hukaa. Ufizi huo ni ngozi nyembamba juu ya mfupa. Chuma laini, kinene kiasi, chenye upana unaotoshea kinywa, kikishikwa kwa mkono mwepesi, hakidhuru.

Kinachodhuru ni hiki tunachokiona: waya wa ua, kipande cha nondo, au mnyororo, vikitiwa kinywani kwa sababu lijamu halisi haipatikani dukani. Vitu hivyo hukata ulimi na pembe za kinywa. Chuma kilichoachwa juani saa sita mchana katika joto la Tana River humuunguza mnyama kabla hata hakijavutwa.

Anayesisitiza kutumia lijamu amwone kwanza afisa wa mifugo amkague mnyama meno. Baadhi ya punda huota vijino vidogo mbele ya magego ya juu, na chuma kikivigonga mnyama hurusha kichwa kwa uchungu. Kisha chuma kipakwe asali au maji ya embe, kidole gumba kiingizwe kwenye lile pengo, na kinywa kikifunguka chuma kiteleze ndani bila kugonga meno. Kwa wiki nzima akivae bila vigwe, kwa dakika chache kila siku, akikitafuna na kukizoea. Vigwe vibaki kwenye hatamu.

Kidonda kidogo na pepopunda

Wapo watakaosema haya yote ni anasa, na kwamba kidonda cha pua hakijamuua punda. Kimewaua wengi.

Ugonjwa ambao Waswahili waliuita pepopunda husababishwa na bakteria wanaoishi katika udongo na kinyesi. Jamii ya farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaoshambuliwa nao kwa urahisi zaidi kuliko wengine wote. Bakteria hao huhitaji mlango mdogo tu, na kidonda cha kamba kilichojaa vumbi ni mlango mpana. Misuli hukakamaa, taya hufunga, mkia huinuka, mnyama hushindwa kula, na wengi hawaponi. Chanjo ipo, lakini ni wenye punda wachache wanaoiulizia.

Na punda akifa leo, kumpata mwingine si kazi rahisi kama zamani. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya mwaka 2019 ilikuta takriban milioni 1.2. Katikati ya sensa hizo vilifunguliwa vichinjio vinne vya punda, huko Baringo, Nakuru, Turkana na Machakos, ngozi zikisafirishwa China kutengenezea dawa ya asili iitwayo ejiao. Wizi wa punda ulienea na bei ikapanda.

Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, Mahakama Kuu ikabatilisha marufuku hiyo mwaka 2021, na mnamo Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda barani kote. Kwa mama wa Garsen anayeuza maji, mvutano huo wote una maana moja: punda aliye naye ndiye huyo huyo.

Kadhalika sheria haiko kimya. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inamfanya mkosaji yeyote anayempiga mnyama kikatili, kumtwika kupita kiasi au kumsababishia mateso yasiyo ya lazima.

Barabara na maji

Tangu barabara ya kwenda Witu na Lamu iwekwe lami, magari hupita kwa kasi ambayo punda wa zamani hawakuijua. Mwandishi huyu akiwa safarini aliwahi kushuhudia, karibu na Minjila, mkokoteni wa maji ukiwa umekwama katikati ya njia. Punda hakuwa na hatamu yoyote. Mvulana mwenye umri wa kama miaka 12 alikuwa akimchapa upande mmoja na mnyama akisogea upande uleule aliochapwa, huku basi letu likipiga honi. Dereva alifunga breki kwa wakati. Mvulana hakuwa na kitu cha kushika.

Fimbo husukuma tu, haisimamishi. Anayetaka punda asimame mbele ya lori lazima awe amemfunza kuitika kamba, na mafunzo hayo yafanyike bomani kabla ya kufikia lami. Hata mlio wa mitungi mitupu azoeshwe kwanza kwa kuikokota kando yake, kisha nyuma yake, kabla hajafungwa mkokoteni.

Hatari ya pili ni mto wenyewe. Mabwawa ya juu kama Masinga yakijaa na kumwaga, maji hushuka hadi Delta, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, ambapo vijiji vingi vya Tana River vilifurikwa. Mnyama aliyefungwa kwa fundo gumu usiku wa mafuriko hana pa kwenda.

Kwa hivyo anayemfunza punda kusimama akiwa amefungwa ajifunze na yeye fundo la kitanzi, lile linalofumuka ncha ya kamba ikivutwa mara moja. Kamba ifungwe kimo cha kifua cha mnyama, isiwe ndefu kiasi cha mguu kuingia. Onyo la mafuriko likitolewa, hatamu zivuliwe kabisa. Punda huogelea, lakini hawezi kuogelea akiwa amenaswa kwenye kichaka.

Limebaki jambo moja ambalo huharibu kazi ya wiki nzima kwa sekunde mbili, nalo ni kuvua. Jioni mtu amechoka, anafungua kifungo na kuikwapua hatamu, mkanda unamgonga mnyama jichoni au unakwama sikioni. Kesho yake anashangaa punda anaposogea nyuma. Fungua kwanza ule mkanda wa kooni, kisha wa nyuma ya masikio. Shika mzunguko wa puani kwa mkono mwingine uubakize mahali pake kidogo, umngoje ainamishe kichwa, ndipo uuteremshe. Mkune mahali mkanda ulipokaa, kwani jasho huwasha, na utazame kama pana nywele zilizolala vibaya au ngozi iliyopata joto. Zikiwepo, kesho asivae.